Sauti Nne za Fundi

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la kushonea nguo. Kila asubuhi tunakaa wanne: Redio, mstaafu wa kutengeneza redio; Gia, dereva wa lori; Fundi, mwenye duka; na mimi, ninayemimina kahawa na kusema machache. Hayo ni majina ya benchi. Ya kwenye vyeti sijaonyeshwa, kwa hiyo siyaandiki. Mke wa Fundi, aliyepoteza usikivu miaka tisa iliyopita, amepandikizwa kifaa cha kusikia, ambacho sehemu yake ya nje huvaliwa nyuma ya sikio. Kiliwashwa Jumatatu. Jana, Alhamisi, alikivua akakitia kabatini.

— Nikiongea, anasikia bati linakwaruzwa, alisema Fundi. Akigoma kukivaa, jamani, ndiyo basi tena.

— Kwani mtaalamu alisemaje? aliuliza Gia.

— Eti kifaa hakileti maneno. Kinapeleka umeme kidogo kidogo kwenye mshipa wa kusikia, halafu ubongo wenyewe ujifunze: mlio huu ni “chai”, ule ni “mlango”. Polepole, miezi.

— Masafa hayo! alidakia Redio. Sauti yako nene, haipiti kwenye waya. Si nilikwambia uongee nyembamba?

— Jumanne nzima nimeongea nyembamba. Alicheka, halafu akalia.

— Redio anakupoteza, kaka, alisema Gia. Ubongo uliolala miaka tisa ni injini ya baridi. Gia ya kwanza: ta-ra-ti-bu.

— Jumatano nilienda hivyo hivyo. Mpaka namaliza kusema chakula tayari, kimepoa.

— Na jana? aliuliza Gia.

— Jana nilipayuka. Jirani akaja kuamua ugomvi.

— Basi umeme umemjaa kichwani, alisema Redio. Aweke miguu kwenye beseni la maji, utoke.

— Wee! alifoka Gia. Umuue shemeji yetu? Sikiliza, Fundi. Ubongo una pande mbili, na hazisemeshani. Kulia mwongeleshe kizee, kushoto kitoto.

— Kizee nimeshajaribu leo alfajiri, alisema Fundi kwa unyonge. Alinitazama tu.

Nilimimina kahawa. Mimi pia nilikuwa sielewi kitu.

Mlango wa duka ukafunguka. Alitoka mkewe, kifaa kikiwa nyuma ya sikio. Gia alisogea kumpa nafasi, lakini hakukaa.

— Nilikivaa tena alfajiri, chini ya kanga, alisema, akitutazama midomo. Nataka kujifunza. Ila Jumanne niliamkiwa na mtoto, Jumatano na mlevi, jana na dalali, leo na babu yangu. Ubongo wangu umshike yupi?

Fundi aliinamisha kichwa.

— Ninyi mnamsikia kila siku, shemeji zangu. Nielezeni: sauti yake mwenyewe ikoje?

Redio alimtazama Gia. Gia alinitazama mimi. Nilitazama birika, lilikuwa tupu.

Fundi alifungua mdomo. Ilitoka nyembamba, akakohoa. Ikatoka nene mno, akaikatiza. Mkewe alisubiri, kidole kimekishika kifaa kisianguke.

— Ngoja, alisema Fundi, si kwa nyembamba wala kwa nene, kisha akageuka kututazama, kama anayetaka kujua ni nani aliyesema.