Vidonge vya Vitamini na Mfungo Wangu wa Uongo

Ndugu zangu, jina la Bwana litukuzwe! Kwanza naomba msamaha kwa mwandiko wangu mbaya na makosa ya herufi. Nilifika darasa la sita tu, na naandika polepole. Mbele za watu sauti yangu hupotea, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mimi ni msichana wa Uriri, mwimbaji wa kwaya. Mwaka uliofuata Uhuru tulitakiwa kushona magauni meupe ya kuvaa kwenye makambi, ile mikutano ya kanisa ya mahemani, kule Homa Bay. Tulipimwa sokoni. Zamu yangu ilipofika, fundi alinipima kiuno kwa utepe mara mbili kama asiyeamini, akasema kwa sauti, "Dada, nikushonee gauni au hema la makambi?" Watu walicheka. Nami nilicheka, lakini moyoni nilikufa.

Nikaamua kupunguza mwili kabla ya makambi. Katika duka moja la Migori nilinunua chupa ya vidonge vya vitamini. Mwenye duka alisema vinaleta nguvu. Basi nikawaza, kama nguvu imo ndani ya kidonge, ugali ni wa nini? Nilimeza viwili asubuhi na viwili jioni, nikaacha chakula. Mkojo wangu, mnisamehe, ukawa manjano kabisa, nami nikafurahi nikidhani ni mafuta yangu yanatoka! Ndugu zangu, ujinga ni giza!

Kwetu kukataa chakula cha mama ni kama kumtukana. Aliponiuliza, nilijibu, "Nafunga na kuomba." Mama aliwaambia wenzake kwa furaha, na kanisani wazee wakaanza kunisalimu kwa mikono miwili. Nami nikazipokea salamu hizo. Magoti yalikuwa yakitetemeka kwa njaa, wao wakadhani ni Roho.

Ndipo jirani yetu, Mama Otieno, alipokuja amembeba mtoto wake. Mtoto alikuwa amechomwa sindano zahanati, lakini homa ilikuwa haijashuka. "Akinyi mwanangu," akasema, "wewe unafunga. Mungu anakusikia. Niombee huyu."

Nilitamani ardhi inimeze! Niliweka mkono juu ya kile kichwa cha moto, nikasema kimoyomoyo, "Bwana, mimi ni mwongo. Usimwadhibu mtoto kwa sababu yangu."

Kesho yake mtoto alitoka jasho, akaketi, akadai samaki! Niliposikia, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Mungu alikuwa ameniona ndani kabisa, na bado alisikia!

Sabato hiyo Mama Otieno alinitaka nisimame naye kanisani ili amshukuru Mungu. Nilisimama, nikaanguka.

Nilizinduka zahanati. Dresa, yule mganga msaidizi wa pale, alikuwa ameshika ile chupa yangu iliyokutwa mfukoni. "Binti, umekula nini na hivi?"

"Maji."

Akatikisa kichwa. "Hivi ni vya kusindikiza chakula. Sasa umemsindikiza nani, kama mgeni mwenyewe hakuja?"

Mama yangu na Mama Otieno walikuwa pale kitandani. Nililia, nikawaambia yote: fundi, vidonge, mfungo usiokuwepo. Nilingoja Mama Otieno anilaani. Alichukua kikombe, akasema, "Kwani nilikuomba wewe uponye? Nilimwomba Mungu. Fungua mdomo." Akaninywesha uji wa wimbi, kijiko kwa kijiko, na mtoto wake akikitazama kile kikombe kwa wivu!

Sabato iliyofuata nilisimama mwenyewe nikaungama mbele ya kanisa. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. Fundi aliongeza vipande viwili ubavuni mwa gauni langu, safari hii bila mzaha. Niliimba Homa Bay na mwili wangu wote, na tumbo lenye ugali.

Ndugu zangu, hata leo nikikumbuka kile kichwa cha moto chini ya mkono wangu, naiweka kalamu chini. Asante Bwana! Wewe unayeficha jambo, mwambie Yeye. Analijua tayari, na hajaondoka. Nawe uliyewahi kuona aibu kwa mwili wako, niandikie kupitia gazeti hili. Nitajibu, ingawa polepole.

Dada yenu,
Akinyi