Gunia la Nguzo ya Tatu

Mzee Nukta, mpimaji wetu wa majengo, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Waliotakiwa kuandika haya ni ninyi mliosoma. Kila mmoja kajifanya ana kazi nyingi, basi kalamu imenifikia mimi, bibi yenu wa chai. Msije mkalalamika.

Alianza akiwa kijana mwembamba, anapima kwa utepe na kamba. Zilipokuja mashine za miale, wenzake walizizunguka kwa mbali. Yeye akakumbatia ya kwanza kabla boksi halijatupwa. Mashine inasimamishwa ndani ya jengo, inazunguka, na kila mwale unapogonga panabaki nukta. Mamilioni ya nukta yakikusanyika, unaliona jengo zima na kuligeuza utakavyo. Wao huliita wingu. Lakini wingu gani zito vile! Lilifunguka kwenye kompyuta kubwa ya chumba cha ndani tu. Ukimtumia mtu kwa intaneti, kompyuta yake inaganda.

Ndipo likaja suala la soko kuu. Halmashauri ilitaka kulibomoa, eti nguzo zimepinda na kupata nyufa. Binti yangu anauza vitambaa mle. Wajumbe wa kamati walikuwa katika miji tofauti, kila mmoja angetazama kwenye kivinjari chake, kile kidirisha cha kufungulia intaneti. Mzee Nukta akalipima soko, akajifungia, chai yangu ikapoa mlangoni. Akaligawa wingu visanduku, sanduku ndani ya sanduku. Ukiwa mbali, kivinjari kinaletewa nukta chache. Ukisogea, zinaongezwa za pale unapotazama tu. Ni kama unavyomwona mtu anakuja: kwanza mwendo, halafu nguo, mwisho chunusi.

Wapita njia aliwafuta wote, maana anayetembea mbele ya miale hutoka kama moshi. Chini ya nguzo ya tatu akaona kwa mbali kitu kama gunia, akaliacha.

Siku ya kikao cha mtandaoni mwenyekiti alinung'unika kwamba wingu hilo ni vumbi tu, haliwezi kuonyesha ufa. Akasogelea nguzo ya tatu. Gunia likaota mabega. Akasogea. Likaota masharubu. Akasogea tena: Mzee Nukta huyo, kalala fofofo, mdomo wazi, pengo lake la mbele linaonekana! Alisinzia akisubiri mashine yake mwenyewe imalize kuzunguka.

Kamati ilicheka hadi machozi. Mwenyekiti alipojifuta, akakiri kwamba picha inayoonyesha pengo la mtu haiwezi kuficha ufa wa nguzo. Wakazikagua zote. Zimesimama wima, hazina ufa, kilicholegea ni mfereji wa paa. Mfereji ukabadilishwa, soko likabaki, binti yangu bado anauza.

Tangu hapo majengo yetu yote yanafunguka popote, hata kwenye simu yangu hii yenye kioo kilichopasuka. Hiyo ni kazi yake, ingawa vikombe vyake vichafu juu ya kompyuta nimevikusanya mimi.

Juzi, akikabidhi ofisi, aliomba kazi ya mwisho iwe kujiondoa kwenye wingu la soko. Meneja kakataa. Binti yangu kakataa. Mimi nimekataa mara mbili.

Asante, Mzee Nukta. Nenda ukapumzike kwa afya na raha, kitandani kwako, mdomo umeufumba. Sisi tukikukumbuka, tutafungua soko na kukusogelea taratibu, mpaka pengo lionekane.