Nyoka Mmoja Amegeuzwa Ngazi

Ndugu Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Ndugu Meneja wa shamba la ngano. Ndugu wageni mliotuletea maboksi haya. Wazee wangu, shikamooni. Nanyi akina mama wa Mogitu mliokaa chini kwa sababu viti vimeisha, habari za saa hizi.

Nimeombwa nishukuru, na nitashukuru. Ila mimi Perpetua nimeanzisha mashine ya kusaga bila baba wala mume wa kunishika mkono, na sijawahi kupokea gunia bila kulifungua. Asubuhi, mlipokuwa mnakunywa chai, nilifungua boksi moja, nikakuta mchezo wa nyoka na ngazi.

Mchezo huu si mgeni hapa. Tuliuchora wenyewe kwa mkaa juu ya mfuko wa ngano, kete zikawa vizibo vya soda. Kwa nini? Kwa sababu mzazi aliyejifungua mara ya kwanza ukimhutubia habari za kunyonyesha, anaitikia ndiyo. Kisha anaingia mama mkwe, na ndiyo inaishia hapo. Tukaweka sharti: mzazi hachezi ila na mama mkwe wake.

Bibi Hilaria, cheka tu, nakusema wewe! Alibakiza nyumba mbili ashinde, akatua kwenye nyoka wa kumwaga maziwa ya kwanza.

"Yale ya njano ni uchafu!" akafoka. "Mama yangu aliyamwaga, na mimi si huyu hapa?"

"Bibi, umemwaga, teremka!" tukamwambia.

Alidai marudio mpaka ugali ukaungua. Mwisho akamgeukia mkwewe: "Wewe, mpe mtoto hayo ya njano. Sitateremka tena kwa ajili yako."

Sasa tufanye hesabu. Mchezo wetu una nyoka sita na ngazi sita. Wenu, mlioiga kwetu mkauchapa kwa rangi nzuri, una nyoka watano na ngazi saba. Basi nyoka hakufa, amegeuzwa ngazi. Ni yupi? Ni yule wa chupa, aliyemshusha mzazi akikoroga maziwa ya kopo kwa maji machafu ya lambo. Leo chupa inapandisha! Nani amemgusa nyoka wetu? Na mbona pembeni pamechorwa kopo, na kwenye masharti mama mkwe hayumo kabisa? Mtasema ni makosa ya mtambo wa kuchapa. Tangu lini mtambo ukajua kuchagua?

Nyuma ya ukuta huu, wodini, amelala Angela. Amejifungua jana mtoto wake wa kwanza, maziwa bado hayajashuka vizuri, na boksi la kwanza amepangiwa yeye. Mama mkwe wake yuko hapa mbele, na nimemwona anavyoitazama ile picha ya kopo.

Kwa hiyo, ndugu wageni, asanteni kwa karatasi ngumu. Mfuko wetu umechakaa. Asanteni kwa dadu. Zetu ni za udongo. Lakini, Ndugu Mkuu wa Wilaya, kabla hujashika mkasi wa kukata utepe, shika kwanza mkaa huu, umrudishe nyoka kwenye chupa, sote tukiona. Likishindikana, maboksi yatarudi garini. Mimi naingia kwa Angela na mfuko wetu wa zamani. Mama mkwe wa Angela, inuka twende, wewe ndiye utakayeanza kurusha dadu.

Asanteni kwa kunivumilia. Mkaa nauacha mezani.