Lori la Mzee Anosisye, Lililoitwa Mkwe

Mmeamkaje, wasikilizaji wapendwa? Mlioko shambani, mlioko jikoni, na nyie mliojifunika blanketi kwa sababu ya hii baridi yetu, sogeeni karibu na redio. Mimi ni Doreen. Leo tunamkumbuka Mzee Anosisye Mwaikambo, dereva wa Lufingo.

Mzee Anosisye amefariki wiki iliyopita, hapa hapa Tukuyu, baada ya kuugua kifua. Amezikwa kwake Lufingo. Ameacha mke, Mama Esnath. Ameacha binti, Elina. Na ameacha lori.

Nalitaja lori mapema, jamani, kwa sababu huwezi kumsimulia Mzee Anosisye ukaliacha lori pembeni. Nimekwenda nyumbani kwake. Limeegeshwa kando ya migomba. Ni la zamani. Kichwa chake kilikuwa cha bluu, sasa rangi imebabuka. Bodi yake ni ya mbao. Kirungu cha gia kimesuguliwa na kiganja cha mzee mpaka kinang'aa kama kokwa la parachichi.

Lori hili ndilo lililokuwa linaleta ndizi za watu wa Lufingo kwenye soko la Tukuyu. Watu walilipa jina. Waliliita Mkwe. Mnajua kwetu mkwe haendewi hivi hivi. Unapisha njia, unainamisha macho, unapima maneno. Na lori la mzee lilikuwa vile vile, kwa sababu ya gia zake.

Gia za Mkwe zilikuwa ngumu. Nasema ngumu, si kidogo. Mzee akitaka kuingiza namba mbili, anakanyaga klachi, ananyanyuka kwenye kiti, anausukuma mkono wa gia kwa bega zima. Gia inalia. Inalia mpaka ng'ambo ya bonde wanasikia.

Mama Beatrice, jirani yao, ameniambia hivi: "Sisi ile ilikuwa kengele yetu. Ukisikia gia inakwaruza kwenye kilima cha kanisani, unajua mzee huyo. Unatoa mikungu barabarani."

Basi mzee alihangaika na hizo gia miaka mingi. Alibadilisha oili. Alipeleka lori kwa fundi Hezron, kule Msasani ya hapa hapa Tukuyu mjini. Hezron alifungua giaboksi, akaangalia, akafunga. Akakaa kwenye usukani, akakanyaga klachi, akaingiza gia. Ikaingia. Akatoa, akaingiza tena. Ikaingia.

"Mzee, hili lori haliumwi," Hezron akamwambia. "Linadeka."

Mzee akaondoka nalo. Pale mjini gia zinaingia vizuri. Akishapita njia panda, akianza kupanda kwenda Lufingo, ugumu unarudi pale pale. Akarudi kwa Hezron mara nyingi, na kila akirudi, gia zinaingia. Mwisho mzee akajisemea kwamba Mkwe anapenda mjini. Akiiona Lufingo, ananuna.

Watu walicheka, lakini wapo walioamini.

Sasa wasikilizaji wapendwa, bega la mzee likaanza kuchoka. Bega la kushoto, la upande wa gia. Akawa hawezi kuinua hata kikombe cha chai bila kukunja uso. Na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Elina, binti yake, alikuwa anakaa naye kwenye lori miaka yote. Anapakia, anapanga mikungu, anajua kila kona ya ile njia. Elina alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kuendesha.

"Baba, nifundishe."

"Nikufundishe nini? Gia hii itakung'oa bega. Halafu nani atakuoa na bega moja?"

"Nitaolewa na mwenye bega moja mwenzangu. Tukikaa pamoja tunakuwa mtu mzima."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Lakini usukani hakuutoa. Alimpenda mtoto wake, akaona bora lori liondoke kuliko limvunje. Akaongea na mnunuzi wa vyuma chakavu. Wakakubaliana Jumamosi mnunuzi aje amchukue Mkwe akamkate vipande.

Elina ameniambia hakulia mbele ya baba yake. Alikwenda kwenye migomba, akawa anaondoa majani makavu, hata yale ambayo hayajakauka.

Mama Esnath naye akainuka. Alichukua ndoo. Akasema kama lori linaondoka, lisiondoke na uchafu, watu watasema nini. Akaosha vioo, akaosha kiti. Halafu akainama pale chini, miguuni kwa dereva, akatoa magunia.

Ngoja niwaeleze hayo magunia. Sakafu ya lile lori ilikuwa imeliwa na kutu, ina matundu. Mvua ikinyesha, na kwetu mvua hainyeshi kwa ratiba, maji ya matope yanaruka ndani. Ukungu nao unaingia. Mzee Anosisye alikuwa mtu wa kuogopa sana baridi ya miguu. Akatandika gunia. Gunia likashindiliwa na viatu, akatandika la pili juu yake. Mwaka mwingine akaongeza. Magunia yakawa kama godoro pale chini. Mama Esnath akayafua yote, akayaanika kwenye ua. Kesho yake ikaamka mvua, hayakukauka.

Na kesho yake hiyo ilikuwa Ijumaa. Mzigo wa mwisho. Mzee akaingia kwenye lori, miguu yake kwenye bati tupu, ananung'unika baridi. Elina pembeni yake. Wakapakia, wakaanza kuondoka. Mzee akakanyaga klachi, akajiandaa kunyanyuka kama kawaida yake. Mara akasimamisha lori katikati ya njia.

"Elina, shuka uangalie chini. Klachi imekatika."

"Imekatikaje, baba?"

"Nimekanyaga, mguu umezama mpaka mwisho. Haujawahi kuzama hivyo."

"Na gia?"

"Gia imeingia."

"Imeingia?"

"Imeingia yenyewe, kama kisu kwenye parachichi. Ndiyo maana nasema kuna kitu kimekatika!"

Elina hakushuka. Aliangalia miguu ya baba yake. Kwenye tundu la sakafu aliona barabara, aliona mpaka vijiwe.

"Baba, magunia yako wapi?"

"Si mama yako ameyafua."

Mzee akakanyaga klachi. Akaachia. Akakanyaga tena, akiangalia ule mguu wake unavyokwenda chini, chini, kupita pale ambapo magunia yalikuwa yanauzuia. Na klachi isipozama yote, gia lazima igome. Elina ameniambia, "Nilimwona kabisa anarudisha miaka nyuma, mmoja mmoja."

Na kule kwa fundi? Kule kwa fundi, wasikilizaji wapendwa, mzee alikuwa anayakunja magunia anayaficha nyuma ya kiti kabla hajaingia gereji. Alikuwa anaona aibu. Ni kama mgeni akija, unaficha shuka lililotoboka. Akishapita njia panda, baridi ikianza, anayatandika tena. Kwa hiyo Mkwe hakuwa anapenda mjini. Mkwe alikuwa hajawahi kununa.

Mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi. "Mwe! Nimepigana na lori, kumbe napigana na magunia yangu mwenyewe!"

Wakapeleka ndizi sokoni. Waliporudi, mzee akaliingiza lori kwenye uwanja wa kanisa, mahali peupe, pasipo na mtu. Akashuka. Akazunguka mbele ya lori polepole. Akafungua mlango wa Elina.

"Sogea kule," akamwambia. "Kwenye usukani."

Mnunuzi wa vyuma alikuja Jumamosi. Aliondoka na mkungu wa ndizi na maneno mazuri, ndaga fijo, asante sana kwa kuja. Hezron akachomelea bati nene kwenye sakafu. Wanasema alimwuliza, "Mzee, miaka yote hii ulikuwa unanificha magunia?" Na mzee akamjibu, "Nilikuwa nakustahi, fundi." Elina akajifunza, akapimwa, akapata leseni. Mzee akahamia kiti cha pembeni. Kila kona alikuwa anasema, "Mguu mpaka chini. Mpaka chini, mama." Mpaka kifua kikamlaza.

Siku ya kumtoa hospitali, jamaa walileta gari dogo zuri la kubeba jeneza. Elina akasema hapana, baba anapanda gari lake. Hakuna aliyebisha. Kabla jeneza halijapandishwa, Mama Esnath alipanda kwenye bodi. Alikuwa na furushi. Alikuwa ameyatunza yale magunia, safi, yamekunjwa. Akayatandika pale jeneza litakapolala, akayanyoosha kwa kiganja, kama anavyotandika kitanda.

"Aliogopa sana baridi," akasema. "Sasa hayazuii kitu."

Lufingo watu walikuwa wamejaa. Kina mama wanapika mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, wanaume wamesimama kwenye manyunyu. Mama Beatrice anasema masikio yao yote yalikuwa kwenye kilima cha kanisani. "Tulikuwa tunasubiri gia ilie, tujue amefika. Hatukusikia kitu. Tunageuka, lori liko mlangoni, Elina anashuka." Alipanda kile kilima chote na baba yake mgongoni, akabadilisha gia, na hakuna aliyesikia.

Mama Esnath, Elina, ukoo wote wa Mwaikambo, na nyie majirani wa Lufingo, poleni sana. Poleni kwa kuondokewa. Mungu aliyewapa Mzee Anosisye awashike mkono.

Na sisi tuliobaki, tutafakari kidogo. Kila mtu ana kitu chake kigumu. Ndoa, shamba, mtoto, kazi. Tunasukuma kwa bega mpaka bega linakufa. Tunaita mafundi, lakini tukifika kwao tunakunja magunia tunaficha nyuma ya kiti. Leo, kabla hujakiuza, kabla hujakikata vipande, inama kwanza uangalie umetandika nini chini ya mguu wako. Na kama kuna anayekujua vizuri, mwachie afue.

Elina ameniomba niwatangazie kina mama wa Lufingo jambo moja. Mkwe yuko barabarani kesho Ijumaa, kama kawaida. Lakini ule mlio haupo tena, msiusubiri. Akifika kilima cha kanisani atapiga honi. Mkisikia honi, toeni mikungu.