Mfungo Niliouongoza Kwenye Theluji

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mtaniruhusu nishuhudie nikiwa nimeketi. Miguu imechoka, na ushuhuda wenyewe unanichosha kila nikiukumbuka.

Wengi mnanijua, Baba Njeri wa Kiganjo, hapa Thika. Miaka mingi niliongoza wazee kwenda kufunga na kuomba Kilimambogo. Tulipanda bila chakula wala maji, tukashuka tukiimba. Nikaanza kujivuna. Nikasema kile ni kilima cha watoto wa shule ya Jumapili, safari hii tutaomba kwenye theluji ya Mlima Kenya. Nikawaapisha wenzangu wawili: hakuna kuonja kitu mpaka mimi niseme. Mmoja alikuwa Shemasi Mwangi. Mwingine alikuwa Wekesa, fundi wa mawe anayeishi Kamakis, mtu wa vichekesho, aliyeniheshimu kama babake.

Aliyetuonyesha njia alikuwa binti mmoja, Muthoni. Siku ya pili asubuhi alitupikia uji. Tukaukataa.

"Guka, huku juu mwili bila chakula hauna moto," akaniambia, kwa heshima ya mjukuu kwa babu yake.

"Sisi hatukuja kutalii," nikamjibu. Nilimjibu hivyo mtu ambaye kupanda mlima ule ndiyo kazi yake!

Adhuhuri theluji ikaanza kuanguka, nzito, yenye maji. Njia ikafunikwa. Miguu ilizama karibu na magoti, na chini yake mawe yalikuwa na barafu ya kuteleza. Wekesa alikuwa amevaa gambuti na koti lake la kanisani. Akaanguka, akacheka.

"Baba Njeri, kwetu Bungoma barafu tunaiona kwa friji. Leo tumeingia ndani na mlango umefungwa!"

Tukaendelea. Baadaye akaacha kutetemeka. Akaanza kusema maneno tusiyoyaelewa. Akavua glavu, akavua koti, akasema anasikia joto. Nami, Mungu anisamehe, nikainua mikono nikapaza sauti: "Ameshukiwa! Huo ni moto wa Roho!" Shemasi akaanzisha wimbo. Tulimsifu Mungu huku rafiki yetu akiganda mbele ya macho yetu.

Muthoni akanishika kola. "Guka, hajashukiwa huyu! Huyu anakufa!"

Akamvisha, akamwingiza ndani ya mfuko wa kulalia, akammiminia chai ya moto yenye sukari nyingi. Wekesa akauma meno, akakataa kunywa.

"Mpaka Baba Njeri aseme," akanong'ona.

Ndugu zangu! Akili ilikuwa imemtoka, lakini amri yangu ilikuwa imebaki. Na mimi nilisimama pale nikiona aibu kusema neno moja. Nilikuwa nikifikiria mtakavyonisema nikirudi. Kisha nikaanguka kwenye theluji nikilia: "Bwana, nimekosa. Mfungo huu ulikuwa wangu, wewe hukuniagiza." Nikachukua kikombe, nikanywa akiniona.

"Wekesa, mwanangu, nilikosea. Kunywa."

Akanywa, kidogo kidogo. Ilichukua muda mrefu. Alipoanza kutetemeka tena, Muthoni alisema hiyo ni dalili nzuri, nasi tukamshusha polepole, tukimshika kwapani, mpaka kwenye kibanda cha wapandaji.

Yuko hai! Vidole viwili vya mguu vilikatwa, na siku za baridi hawezi kusimama kazini. Yeye amenisamehe. Mkewe bado hajaweza, wala simlaumu. Wapo wanaosema maombi yangu ndiyo yaliyomponya. Msiseme hivyo. Bwana alimwokoa kwa mkono wa binti niliyemdharau, na mimi akaniokoa na majivuno niliyokuwa nikiyaita imani.

Namshukuru, hata kwa sauti hii iliyochoka. Nawe unayejitesa ili Mungu akuone, unayeogopa kumwambia kiongozi wako kwamba umeishiwa nguvu, Mungu amekwisha kukuona. Mtumaini yeye. Na kama ni mimi niliyekutwika mzigo huo, njoo hapa mbele sasa, watu wote wakiona, nikutue. Amina.