Mizinga ya Mwalimu Kathuri

Wasikilizaji wapendwa, leo sina muziki wa kuanzia. Mwalimu Salesio Kathuri amefariki. Alifariki Jumanne nyumbani kwake Kaaga, hapa Meru, na atazikwa Jumamosi hapo hapo Kaaga. Sikusema kwao Mbeere. Nimesema Kaaga. Hakutaka udongo wa kwao umfunike, na nitawaambia sababu.

Mwalimu Kathuri alinifundisha Kiingereza, na wengi wenu mnaonisikia hapo Makutano aliwafundisha pia. Msinidanganye kwamba mlimpenda. Tulimwogopa. Alikuwa anaandika ubaoni herufi nne, I, G, H, T, halafu anasema, "Huu ni ukoo. Niitieni watu wake." Nasi tunaita: light, night, right, tight. Ukimsahau mmoja unasimama pembeni mpaka umkumbuke. Tulidhani ni ukali wa mwalimu tu. Hatukujua kwamba herufi hizo ndizo zilizompeleka kizuizini.

Turudi nyuma. Ni miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa uhuru. Kathuri ni kijana, mwalimu wa shule ya nyasi huko Mbeere, upande ule Embu inapokauka. Wanafunzi wake ni wachunga mbuzi. Leo mtoto yuko darasani, kesho yuko malishoni, na yale ya leo ameshayasahau.

Sasa, Wambeere ni watu wa nyuki. Mzinga hutundikwa mtini, na ubavuni huchongwa alama ya muviriga, yaani ukoo. Mtoto wa huko anajua alama kabla hajajua kuhesabu. Akiuona mzinga kwa mbali anakuambia huu ni wa kina fulani. Na ole wako ukiugusa ambao si wenu, wazee watakutoza mbuzi.

Kathuri akawaza, kama mtoto anaisoma alama ya mzinga, hata neno atalisoma. Akachukua mizinga yake mwenyewe, aliyoachiwa na baba yake, akaichonga maneno ya Kiingereza. Maneno yote yalikuwa na mkia mmoja, zile herufi nne. Mkia ndio alama ya ukoo. Herufi ya mbele ndiyo mwenye mzinga. Akaitundika kando ya njia ya mbuzi. LIGHT karibu na mto, NIGHT penye kona, RIGHT juu ya mti uliokuwa katika shamba la Mbaka.

Huyu Mbaka mshikeni vizuri. Alikuwa rika moja na Kathuri. Walitahiriwa msimu mmoja, wakauguzwa pamoja, na kwa watu wale mtu hamkani mwenzake wa rika. Mbaka mwenyewe ndiye aliyepanda juu ya mti wake akaufunga ule mzinga kwa kamba yake.

Watoto wakasoma. Asubuhi wanasoma wakipeleka mbuzi majini, jioni wanaimba maneno hayo jikoni kwa mama zao. Hakuna mzazi ambaye hakuyasikia. Narudia, hakuna mzazi ambaye hakuyasikia.

Kisha akapita Chifu Gitari na homugadi wake, wale askari wenyeji wa serikali, wakitafuta watu wa msituni. Gitari hakujua Kiingereza, lakini alama za mizinga alizijua zote. Akaona mzinga wenye alama asiyoitambua. Mbele kidogo akaona mwingine, mkia ule ule. Penye shamba la Mbaka, ule ule tena. Akasimama. Ni ukoo gani huu ambao yeye hakuzaliwa akiukuta? Siku zile watu walikuwa wanakula kiapo cha kupigana na serikali na kuitana ndugu, na Gitari akakata shauri kwamba huu ni ukoo mpya, ukoo wa kiapo, na hii ndiyo alama yake.

Kwa kosa hilo simlaumu sana. Mtu yeyote wa Mbeere angeweza kulifanya. Ninamlaumu kwa yaliyofuata, na siye peke yake.

Baraza likaitwa. Watu wote uwanjani, bunduki nyuma yao. Kathuri akasema ukweli wake wote: haya ni maneno ya Kiingereza, nafundishia watoto. Gitari akamjibu kwa mila. "Alama ya ukoo hutambuliwa na watu wawili," akasema. "Kama kweli ni ya kufundishia watoto, watoto ni wa hawa hapa. Wawili wasimame waseme wanaijua, nawe uende nyumbani."

Wawili tu, wasikilizaji wapendwa. Uwanja ulikuwa umejaa baba na mama wa watoto wale. Kila mtu akatazama miguu yake.

Kathuri akamgeukia Mbaka. Hakumwita kwa jina, alimwita "rika yangu." Mbaka akasimama. Akasema, "Mti ni wangu. Mzinga siujui."

Basi. Mizinga ikateremshwa ikachomwa hapo hapo, nyuki wakiwa ndani. Kathuri akafungwa pingu, akapelekwa kambini Mwea kuchimba mifereji. Shukrani ya punda ni mateke, lakini hata punda hupiga teke kwa ujinga. Hawa walijua.

Najua kuna anayesema sasa hivi, kando ya redio yake, "Lakini waliogopa." Ndiyo, waliogopa. Aliyemtetea mshukiwa alihesabiwa mshukiwa. Hofu naielewa. Nisichoelewa ni kwamba Kathuri alipotoka Mwea, Hali ya Hatari ikielekea mwisho, hakuruhusiwa kufundisha mpaka watu wa kwao wamshuhudie kwamba hakuwahi kula kiapo. Akawaendea nyumba kwa nyumba. Bunduki zilikuwa zimeondoka uwanjani. Na bado wakamwambia, "Mwalimu, hayo yamepita, tulia tu." Tulia na nini? Na njaa?

Akapanda lori la kuja Meru. Shule moja ya huku ikampokea bila kumuuliza sana, akafundisha mpaka alipostaafu. Mbeere hakurudi tena.

Mjane wake, Mama Cicily, mzaliwa wa huku kwetu, ameniambia jambo moja. "Asali haikuingia hii nyumba," amesema. "Wakati mmoja alikuwa na kikohozi kibaya, nikamwekea kidogo kwa chai. Akaonja, akaweka kikombe chini, akatoka nje. Sikumuuliza kitu."

Mama Cicily anakumbuka pia siku Mbaka alipokuja. Alikuja na mbuzi, akakaa, akapewa chai. Mwalimu akaingia kutoka shuleni, akamkuta. Mbaka akasema amekuja kuomba msamaha. Mwalimu akamuuliza, "Ulinikana wapi?" Mbaka akasema ni barazani. Mwalimu akamwambia, "Rudi kwa uwanja ule. Ita watu. Uwaambie ni wewe ulifunga huo mzinga. Halafu kuja, hata bila mbuzi."

Mbaka akasema watu watamcheka. Akamfungua mbuzi wake, akaenda.

Kwa hiyo nyinyi wahubiri mnaojiandaa kusema Jumamosi kwamba marehemu alisamehe wote, tafadhali acheni uongo juu ya jeneza. Mwalimu Kathuri hakusamehe. Bei aliitaja wazi, na haikuwa kubwa. Hakuna aliyeilipa.

Jana nilikwenda Embu, mtaa wa Dallas, anakoishi binti yake Peninah. Nilimkuta na simu mkononi. Mabasi mawili yanakuja mazishini kutoka Mbeere, watoto na wajukuu wa wale wa barazani. Na Mzee Mbaka yuko hai. Ametuma watu kuomba dakika tano za kuongea kando ya kaburi.

Nilimuuliza Peninah atamjibu nini. Amenipa ruhusa niyaseme hewani. "Waambie wakuje," amesema. "Chakula iko, viti ziko, hakuna mtu atafukuzwa. Lakini microphone, hapana. Huyo mzee alikuwa na miaka hii yote ya kuongea na Baba. Sasa Baba hasikii ndiyo anataka kuongea? Hiyo dakika tano ni yake, si ya Baba. Tumekubaliana kama family."

Na mimi nakubaliana nao, hata kama mtanipigia simu mpaka kesho.

Kwako Mama Cicily, kwako Peninah, na kwa jamaa yote ya Mwalimu Salesio Kathuri, poleni sana. Mungu awape nguvu. Mmempoteza mtu mgumu, na alikuwa na haki ya kuwa mgumu. Nasi tuliobaki, kila mmoja ajiulize usiku wa leo kabla hajalala: ni nani anayeumia kwa sababu mimi, ninayejua ukweli wake, nimeketi?

Nawe Mzee Mbaka, nimeambiwa redio yako hushika masafa yetu. Karibu Kaaga Jumamosi, utapata kiti. Kuongea hutaongea. Lakini uwanja wa baraza huko kwenu bado upo, ni mwendo mfupi kutoka mlangoni pako, na hakuna familia inayoweza kukuzuia kusimama pale. Leo ni Alhamisi. Una kesho nzima.