Klabu ya Ormsdyke na Jina Lililokosekana Ubaoni

Ndugu waombolezaji, majirani wa Ormsdyke, na ninyi wa Holbrigg ambao kwa zaidi ya miaka mia moja mlikuja hapa kututukana na leo mmekuja kutushika mkono, mimi Desmond Akrill, katibu wa marehemu kwa miaka arobaini, nimeombwa na familia niwasomee maisha yake, kwa sababu makaratasi yake yote yako nyumbani kwangu, na mke wangu anaitaka stoo yake.

Marehemu Klabu ya Soka ya Ormsdyke, tuliyezoea kumwita Bata Bukini, alizaliwa Jumamosi tarehe 3 Oktoba 1896, katika chumba cha nyuma cha kanisa la Kimethodisti hapa Ormsdyke, Lincolnshire, akiwa mtoto wa wachimba mifereji kumi na mmoja na mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili, aliyetaka vijana waache pombe, jambo ambalo halikufanikiwa. Siku hiyohiyo alifungwa mabao tisa kwa moja, na hilo moja, wazee walikiri baadaye, lilikuwa la kuotea.

Masomo aliyaanza katika ligi ya wilaya mwaka 1903, akarudia darasa mara nyingi, akayakatiza mwaka 1914 vijana wake walipokwenda vitani, ambako sita walizikwa, akarudi darasani mwaka 1920, na hatimaye akahitimu tarehe 23 Aprili 1949 alipotwaa kombe la mkoa, lile lililopondeka ubavu ambalo mnaliona kando ya birika la chai.

Kazi yake ilikuwa moja maisha yake yote, nayo ni kuwapa watu wa Ormsdyke mahali pa kwenda Jumamosi saa tisa alasiri, wapigwe na upepo, wale pai ya moto, na wamtukane refa ambaye Jumatatu angekuwa daktari wao wa meno.

Mwaka 1951 alifunga ndoa na timu ya kiwanda cha matofali cha Fosse End, bibi harusi aliyekuja na jukwaa la mbao la watu themanini, na ingawa mapenzi hayakuwa mengi, jukwaa lilikuwa zuri. Walijaliwa watoto wawili, timu ya vijana iliyozaliwa mwaka 1968 na kututangulia mwaka 2011, na timu ya wanawake iliyozaliwa mwaka 1994, ambayo ilimpita mzazi wake kwa vikombe, na ambayo sasa inalelewa Holbrigg, tunawaomba muitunze.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa kuwa niliyowaambia zamani siyo yaliyotokea.

Mnakumbuka kwamba fomu ya kila mchezaji mpya ilipaswa kufika ofisi ya ligi kabla ya tarehe 31 Machi, la sivyo hana ruhusa ya kucheza. Jumamosi tarehe 30 Aprili 1988 mshambuliaji wetu mpya, Kelvin Dowse, alifunga mabao mawili hapa nyumbani, tukapanda daraja kwa mara ya kwanza, na watu wazima walilia kwenye matope. Wiki tatu baadaye ikaja barua kwamba fomu ya Kelvin haikufika kamwe, tukanyang'anywa pointi, na nafasi yetu wakapewa Holbrigg. Wanachama walikutana katika ukumbi huuhuu, wote wakanigeukia, nami nikasema kwamba fomu nilimkabidhi Ralph Odling mkononi, kipa na nahodha wetu, ambaye ndiye aliyekuwa mgawa barua wa kijiji, alipopita kwa baiskeli. Ralph aliigeuza kofia yake mkononi, akasema, "Basi itakuwa imenidondoka."

Sikumkabidhi kitu. Fomu ilikuwa mfukoni mwa koti langu la mvua, lililoning'inia wakati wote huo katika chumba cha marefa, nikaikuta mwezi Juni pamoja na karatasi ya pai, nikanyamaza. Ninayo hapa.

Ralph alivuliwa unahodha, jina lake halikuandikwa kwenye ubao wa manahodha, nafasi ya mwaka 1988 ikaachwa wazi, na kila Krismasi alikuwa akiulizwa kama kadi ya shangazi imefika au imemdondoka, nami nilicheka pamoja na wenzangu. Kelvin na wenzake wanne walihamia Holbrigg, marehemu akashuka daraja mwaka 1993 na tena mwaka 2004, mafuriko ya mwaka 2013 yakaharibu uwanja, hadi alipokata roho nyumbani kwake Jumamosi tarehe 27 Aprili 2019, saa kumi na dakika hamsini jioni, akiwa na umri wa miaka 122, akiwa nyuma kwa mabao manne, mbele ya watazamaji thelathini na mmoja na mbwa mmoja.

Jioni hiyo, tukivua nyavu za magoli, nilimweleza Ralph yote. Hakuacha kufungua kulabu. "Najua, Des," akasema. "Wangekufukuza. Nahodha tungepata mwingine, katibu tungemtoa wapi?" Kisha akaniambia nishike upande wa pili wa wavu, usiguse matope.

Familia inamshukuru daktari wetu wa meno kwa filimbi na uvumilivu, Bi Maureen Blades kwa pai za miaka ishirini na sita, majirani wa nyuma ya goli la mashariki waliorudisha mipira, hata ile iliyovunja madirisha yao, na waajiri wote walioruhusu watu watoke mapema Jumamosi.

Namshukuru pia nahodha Ralph Odling, aliyeketi pale karibu na mlango, ambaye nilimkosea mbele yenu na namwomba msamaha mbele yenu. Asubuhi ya leo nimeliandika jina lake ubaoni, mwaka 1988, kwa mkono wangu, herufi zimepinda kidogo, na rangi bado ni mbichi, tafadhali asiegemee mtu.

Ormsdyke wetu, nyavu tumeshavua. Pumzika kwa amani.